Swali Aliloliuliza Mama Mkwe Wangu Stesheni

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu, asubuhi hii na asubuhi zote!

Mwezi wa tatu, mwaka 1993, kwenye stesheni ya Kolwezi, niliachana na mama mkwe wangu, mama Tshibola, akiwa amekaa juu ya gunia ndani ya behewa lisilo na paa. Sikumwona tena. Kaburi lake silijui. Sikumlilia kama desturi inavyotaka, kwa sababu habari ya kifo chake ilinifikia imeshapoa, kwa mdomo wa mpita njia. Ndiyo maana ninapotaka kumshukuru Mungu aliyenitoa katika mateso, naanza na jina la huyo mama. Mnivumilie. Mimi si msemaji, na shule niliiacha mapema.

Mimi ni mtoto wa Kasaji, hapa hapa Katanga. Baba yangu alilima mihogo na karanga. Niliolewa hapa Kolwezi na Kabeya, fundi wa mashine katika kampuni ya shaba. Watu wa kwao ni wa Kasai; baba yake aliletwa zamani kufanya kazi ya mgodi, na Kabeya mwenyewe alizaliwa hapa hapa, kambini. Wengi walisema Mluba wa Kasai na binti wa Kasaji hawataelewana. Tulielewana! Siwezi kusema uongo mbele za Mungu: miaka ya kwanza mume wangu alikuwa mwema. Akitoka kazini alisugua mikono yake kwa mchanga mpaka mafuta ya mashine yatoke yote, ndipo ambebe binti yetu Ntumba. Na Ntumba alikuwa na maneno! Alisalimia watu, akasalimia kuku, akasalimia hata moshi wa jikoni. Bibi yake, mama Tshibola, ambaye tuliishi naye baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa akicheka na kusema: "Ule mutoto ataolewa na redio."

Kisha kazi ikaanza kufa. Mgodi wa chini uliporomoka, mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mshahara ukachelewa, halafu ukapotea. Posho ya unga na samaki tuliyokuwa tukipewa ikakatwa. Mume wangu aliendelea kuamka saa ile ile ya king'ora. Anavaa nguo zake za buluu za kazi, anakaa mlangoni, anatazama barabara. Mchana anaenda kunywa lutuku, ile pombe kali ya mahindi.

Kofi la kwanza lilikuja kwa sababu ya bukari, yaani ugali, kuwa kidogo mezani. Kesho yake alilia, akaniomba msamaha, nikamwonea huruma. Baada ya kofi la pili hakulia.

Halafu yakaanza maneno barabarani kwamba watu wa Kasai waondoke Katanga, warudi kwao. Watu waliozaliwa hapa, ndugu zangu! Walioombea ndoa zetu, waliozika baba zao hapa. Vijana walipita mbele ya nyumba yetu wakiimba kwamba bilulu, yaani wadudu, watoke. Mume wangu alikaa kimya kabisa mpaka wapite. Akishaingia ndani, yale aliyotukanwa nje alinilipa mimi.

"Ni bandugu yako banatufukuza! Baite basi, bakuye bakuponyeshe!"

Hivyo ndani nilipigwa kwa ajili ya kabila langu, na kisimani nilichekwa kwa ajili ya kabila la mume wangu. Sikuwa na mahali pa kuweka kichwa.

Ninaeleza sasa yaliyoupata mwili wangu, maana wengi tunayaficha chini ya kitenge. Nilikuwa na mimba. Nilipigwa teke, mimba ikatoka. Hospitalini nilisema nimeanguka na ndoo ya maji. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya pole, aliutazama mgongo wangu, akanitazama usoni.

"Mama Ntumba," akasema, "ile ndoo yako iko na bidole?"

Nikajibu: "Niliteleza tu, mama."

Hakunilazimisha. Alinipa dawa, akanishika bega. Tangu siku hizo sikio langu la kushoto halisikii vizuri. Usingizi ulinikimbia. Chakula nilichokiweka mdomoni kilirudi. Lakini yote hayo niliyabeba. Jambo nililoshindwa kubeba lilikuwa Ntumba.

Mtoto wangu aliacha kusema. Si siku moja. Maneno yalimtoka kidogo kidogo, kama maji katika mtungi wenye ufa. Kwanza aliacha kuku, halafu majirani, halafu mimi. Alianza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameshaacha. Akisikia viatu vya baba yake kwenye kokoto, anaingia chini ya meza na kutia vidole vyote vya mkono mmoja mdomoni. Alikonda. Tumbo lilimuuma bila sababu. Nilimpeleka kwa yule muuguzi, wakapima damu, wakampa dawa ya minyoo, dawa ya homa. Muuguzi aliniambia: "Hana malaria, hana mududu. Kule nyumbani kuko nini?" Nikatazama chini. Ndugu zangu, kunyamaza kwangu na kunyamaza kwa mtoto wangu kulikuwa ugonjwa mmoja, na mimi sikujua.

Basi akaja Tata Mukendi, mdogo wa marehemu baba mkwe wangu, ndiye mkubwa wa ukoo. Akamtazama mtoto, akasema neno moja: tshibawu.

Wenzangu wa Kasai wanalijua. Kwa wengine nitalisema kwa kifupi. Kwa desturi yao, mke wa mtu akiguswa na mwanaume mwingine na akaficha, mume wake au watoto wake huugua, na hakuna dawa itakayowaponya mpaka mke ataje jina. Akishataja, ukoo unachinja kuku, unamsafisha, na mgonjwa anapona. Lakini akikaidi, mtoto anakufa, na damu yake iko juu ya mama.

Mimi sikuguswa na mtu. Mungu anajua. Lakini kuanzia hapo kipigo kikapata jina. Zamani alinipiga kwa hasira. Sasa alinipiga kwa kumtafutia mtoto dawa. "Taja jina! Unaua mutoto yangu! Taja!" Na kadiri nilivyopigwa ili mtoto apone, ndivyo mtoto alivyozidi kuugua. Hakuna hata mmoja wetu aliyeona hilo! Hata mimi sikuliona. Nilikaa nikijichunguza: labda nilimcheka mtu vibaya sokoni? Labda niliota ndoto mbaya?

Mwezi wa tatu vijana walifika kwetu. Walitupa nafasi ya kutoa vitu vichache, wakakaa katika viti vyetu. Jirani mmoja mwanamke, mtu wa upande wetu, alinivuta pembeni.

"We uko mwenzetu. Unafuata bilulu namna gani? Bakia!"

"Bwana yangu anaenda," nikamwambia. "Mutoto yangu anaenda."

Akacheka. "Bwana yako! Yee njo anakupiga, tunasikiaka. Enda basi, akupigie mu treni."

Yalikuwa maneno ya kejeli, lakini yalinichoma kwa kuwa ni kweli. Walikuwa wakisikia. Wote walikuwa wakisikia.

Stesheni ilikuwa imejaa watu kama mahindi katika gunzi. Watu walikaa juu ya magodoro, juu ya milango waliyong'oa nyumbani kwao, karibu na vyerehani na sufuria, wakingojea treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Mvua ilinyesha juu yetu. Watoto waliharisha, na wengine walizikwa nyuma ya stesheni, kinamama wakiimba nyimbo za kanisa. Mama Tshibola alitutandikia mkeka mmoja, yeye, mimi na Ntumba katikati. Kabeya alilala upande wa pili wa masanduku. Pale stesheni hakunipiga, maana watu walikuwa wengi. Lakini alinitazama, na mtoto aliyaona macho hayo.

Ntumba akaacha kumeza. Ukimtia uji mdomoni, unakaa pale pale, unatoka. Mikono yake ilikuwa baridi. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Nilisema: Bwana, kama ni jina unalotaka, nitatoa jina lolote.

Na kweli, ndugu zangu, nilikuwa nimeshalichagua. Kulikuwa na mwuza mkate wa pale kambini, mtu mpole, ambaye hajawahi kunigusa hata kidole. Nilisema moyoni: nitamtaja yeye. Watanisafisha, watachinja kuku kama watampata, labda Mungu atamrudisha mtoto. Mama atafanya lolote.

Asubuhi Tata Mukendi akaita kikao. Hapo hapo kati ya mizigo! Wanaume walikaa juu ya masanduku, mimi nikakaa chini, miguu nimenyoosha mbele, kama mwanamke anayeulizwa anavyotakiwa kukaa. Ntumba alikuwa mapajani mwa bibi yake. Kabeya alisimama akiegemea nguzo, hakuwa amekunywa, macho mekundu.

Tata Mukendi akasema: "Mama Ntumba, mutoto anakufa. Treni inakuya. Hatutapanda na maiti. Sema mbele ya bantu: ni nani?"

Nikafungua mdomo. Jina la yule mtu lilikuwa tayari ulimini.

"Ngojeni," akasema mama Tshibola.

Tata Mukendi hakupenda. "Mama, hii ni mambo ya banaume."

"Mutoto iko juu ya magoti ya nani? Ya banaume?" Watu wawili watatu wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema: "Ninyi munaulizaka muke. Kila siku munauliza muke tu. Leo mi nitauliza bwana yake."

Akamtazama mwanawe.

"Kabeya, mutoto huyu anaogopa nani?"

Kabeya akatikisa kichwa. "Mama, mi sijapigaka mutoto. Hata siku moja! Muulize mama yake."

"Sikuuliza kama unamupigaka. Niliuliza anaogopa nani. Kuya hapa. Mubebe."

Ndugu zangu, ninaandika nilichokiona. Kabeya alikuja. Alikuja polepole, kwa upendo, nathibitisha, alimpenda mtoto wake. Akanyoosha mikono ile aliyokuwa akiisugua kwa mchanga. Na Ntumba, ambaye tulidhani hana nguvu tena, akakazana kama paka, akatia vidole mdomoni, na mkojo ukatiririka juu ya kitenge cha bibi yake mpaka chini, mbele ya ukoo wote. Hakulia. Hakuwa na sauti ya kulia.

Kelele za stesheni ziliendelea pande zote.

Mama Tshibola hakujipangusa. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mama njo nyumba ya mutoto. We unapiga nyumba, unashangaa juu ya nini mutoto anaumia?"

Kisha akalisema jambo ambalo hata mwanawe hakulijua. Alisema kwamba zamani, akiwa kijana, mtoto wake wa kwanza aliugua, na ukoo ukamkalisha chini hivyo hivyo. Mume wake alikuwa akimpiga. Hakuwa na hatia, lakini alitaka mtoto apone, akataja mwanaume ambaye hakumjua. Walichinja kuku. Wakamsafisha. Mtoto akafa kabla nyama haijaiva.

"Nilikula ile uongo mpaka leo," akasema. "Huyu muke hataikula. Mukendi, tafuta kuku ya kusafisha mwana yangu, kama uko nayo. Muke huyu ni safi. Mi ninalalaka naye mukeka moja, ninasikia vile anaombaka."

Mungu wangu! Nimekaa miaka mingi nikifikiri jinsi Bwana anavyookoa watu. Wengine wameona nuru, wengine wamesikia sauti. Mimi nilimwona bibi mwenye kitenge kilicholowa mkojo, akisimama kati yangu na uongo. Sijaona nuru kubwa kuliko hiyo.

Tata Mukendi alijaribu tena siku treni ilipokuja. Mama Tshibola alikuwa ameamua kwamba mimi na mtoto tubaki, twende kwa baba yangu Kasaji. Tata Mukendi akasema mtoto ni wa ukoo, vitu vya ndoa vilitolewa, hawezi kubaki kwa watu wa mke. Mama Tshibola alikuwa akifunga gunia lake. Hakugeuka hata kumtazama.

"Mutoto gani njo wetu, Mukendi? Wa kufa ao wa kuishi? Kama ni wa kuishi, muache na mama yake."

Nilimwomba naye abaki. Hakuna ambaye angemgusa kule Kasaji, baba yangu angempokea. Akanikatalia. Alisema: "Kabeya naye ni mutoto. Nani atamuangalia?" Nilielewa baadaye kwamba alikuwa akimpeleka mwanawe mbali nami kwa mikono yake mwenyewe, ili asipate njia ya kunirudia. Alikuwa na miguu iliyovimba. Alijua safari ile ni ya namna gani.

Hakuwa na pemba, ule udongo mweupe wa baraka. Akachukua unga kidogo wa mahindi kwenye vidole, akampaka Ntumba katika paji la uso na kifuani. Akanipaka na mimi. Kisha vijana wa ukoo wakamwinua, wakamkalisha juu ya gunia lake kule behewani.

Kabeya alikuwa wa mwisho kupanda. Alisimama mbali kidogo, hakumkaribia mtoto, na hilo namshukuru. Hakuniomba msamaha. Alisema tu: "Umufikishe muzuri." Nikasema: "Nitamufikisha." Behewa likaondoka na watu wakiimba na wengine wakilia, na mimi nikabaki na mtoto mgongoni.

Tulipata lori lililokuwa linarudi Kasaji kuchukua makaa. Baba yangu hakuniuliza neno. Mama yangu alichemsha maji, akatuosha sote wawili kama watoto wachanga. Niliposikia mtu akitembea nje, bado nilishtuka. Lakini alikuwa baba tu, anasukuma baiskeli yake kwenda shambani. Ntumba alianza kumeza uji. Halafu mihogo. Akaacha kukojoa kitandani. Mvua ikapita, kiangazi kikaja, bado hasemi. Siku moja nikiwa navunja karanga, nikamsikia nyuma ya nyumba akimwambia mtu: "Bonjour, mama." Nikakimbia kutazama. Alikuwa anamsalimia kuku! Nilianguka chini katika maganda ya karanga, nikalia kilio ambacho nilikuwa nimekizuia tangu Kolwezi.

Baada ya muda alipita mwanamke mmoja mfanyabiashara, aliyekuwa katika treni ile. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba mama Tshibola hakufika. Alikufa njiani, wakamzika kando ya reli treni iliposimama. Kabeya alichimba mwenyewe. Mahali penyewe yule mwanamke hakupajua jina. Kabeya, wanasema, yuko hai huko Kasai na ameacha pombe. Nimemsamehe, kwa neema ya Mungu, na ilichukua muda mrefu. Kumrudia, sikumrudia.

Ndugu zangu, nilifundishwa kwamba mke mwema anavumilia. Nimesoma Biblia yangu taratibu, kwa kidole, na sijaona mahali ambapo Bwana Yesu alimwambia mwanamke: rudi ukapigwe. Dada, kama unasema umeanguka na ndoo, Mungu anaijua ile ndoo. Mtegemee, na umwambie mtu mmoja. Na wewe tata, wewe baba unayesema humpigi mtoto: mwite aje, unyooshe mikono, utazame atafanya nini. Kama ataogopa, usimkasirikie. Piga magoti hapo hapo. Mungu hajawahi kumkataa mtu aliyepiga magoti kweli. Sifa kwake aliyenitoa, sifa kwake aliyempa mama Tshibola kinywa!

Tulirudi kuishi Kolwezi mambo yalipotulia. Jumapili iliyopita nilisema sehemu ya ushuhuda huu kanisani, kwa haraka, maana muda ulikuwa mfupi. Tulipotoka, mama mmoja kijana alitufuata nyuma mpaka nyumbani, bila kusema kitu, mdomo umevimba. Sikumuuliza. Nilimpa maji ya kuoga na kitenge kikavu, akala, akalala chumbani kwangu. Mchana mume wake akaja, amekunja mikono ya shati, anapiga kelele tangu barabarani: "Muke yangu iko wapi? Atoke!"

Ntumba, ambaye sasa ni mtu mzima, alikuwa amekaa mlangoni anachambua sombe, majani ya mihogo. Hakuinuka.

"Bonjour, tata," akamwambia. "Analala. Ikala kwanza, tuongee."

Akamsogezea kigoda kwa mguu. Yule mwanaume akasimama pale, akamtazama, akatazama mlango. Halafu akakaa.